Mchungaji Asiye na Waumini, Arusi Isiyo na Ndoa: Dini na Unyumba katika Filamu Zipendwazo Kigali

Miongoni mwa walimu wa Kiswahili wa hapa Kigali kumekuwa na malalamiko ya muda mrefu kwamba filamu zinazopendwa na vijana zinaitukana dini na kuichafua ndoa. Mchungaji akitokea ni mwizi. Shehe akitokea ni mganga. Mume ni mlaghai, mke ni mpenda fedha, na mama mkwe ni sumu ya nyumba. Wenzetu wengine wamefikia hatua ya kusema kwamba filamu hizo zisionyeshwe kabisa shuleni, hata zikiwa za Kiswahili kizuri. Sisi twakubaliana na malalamiko hayo kwa nusu tu, na nusu ile nyingine ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Nusu tunayoikubali ni kwamba picha hizo kwa kweli ni mbaya. Tusiyoikubali ni kwamba ubaya wake unatokana na kuonyesha maovu. Nchi hii inazo sababu zake za kutaka dini ionyeshwe kwa ukali, na kila aliyewahi kukaa katika kikao cha kusuluhisha wanandoa anajua kwamba unyumba nao unayo maovu yasiyohitaji kutiwa chumvi. Kosa la filamu tunazozizungumzia ni wepesi. Zinamlaani mchungaji bila kumtazama, na zinavunja ndoa ambayo hazikuwahi kuijenga mbele ya macho yetu. Filamu zilizo kali kuliko zote kuhusu dini katika Rwanda, ambazo tutazifikia, ndizo zinazoipa dini uzito mkubwa zaidi.

Huenda mtu akauliza kwa nini jambo hili liwahusu walimu wa Kiswahili, badala ya kuachiwa mapadri na mashehe. Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, miaka 10 baada ya nchi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kimeingia darasani, lakini nje ya darasa, mwanafunzi wa Kimironko au Gisozi hana jirani wa kuzungumza naye, kama alivyo naye yule wa Biryogo. Masikio yake hulishwa na nyimbo na filamu za Tanzania. Tunapomsahihishia insha twakuta humo misemo ambayo hatukumfundisha sisi, na mara nyingi ni misemo iliyo hai kuliko ile ya kitabuni. Lakini neno haliji peke yake. Mtoto anayekutana na neno "shehe" kwa mara ya kwanza ndani ya filamu atalipokea likiwa limevaa nguo zilezile alizovishwa mhusika.

Yafaa pia kukumbuka jinsi filamu zinavyowafikia watazamaji wa hapa. Kwa miaka mingi watu wa Kigali walitazama filamu za kigeni katika vibanda vya video vya mitaani, zikiandamana na sauti ya mtu anayezisimulia kwa Kinyarwanda. Sanaa hiyo huitwa agasobanuye, na mmoja wa mabingwa wake waliojulikana sana alikuwa Nkusi Thomas, maarufu kwa jina la Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Lufufu wake, aliyesimulia kwa Kiswahili. Siku hizi simu imechukua nafasi kubwa ya kibanda, lakini msimulizi hakutoweka. Wahakiki humsahau, ilhali yeye ni mtunzi wa pili wa filamu. Hafasiri maneno tu. Hucheka, hukemea, hutabiri, na humjulisha mtazamaji mapema nani ni mwovu. Padri ambaye katika filamu yenyewe ana mashaka na imani yake huweza kugeuka mnafiki mtupu kabla hajafungua kinywa, kwa kuwa msimulizi amekwisha kumwita hivyo. Kabla ya kuilaumu filamu, basi, hatuna budi kujiuliza ni maneno ya nani tuliyoyasikia.

Sasa tuje kwenye chimbuko. Mtindo wa kuchanganya dini, ndoa na fedha katika chungu kimoja ulitufikia zaidi kutoka Nigeria. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue alitoa filamu ya video iitwayo Living in Bondage, kwa lugha ya Kiigbo, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 1993. Andy, kijana mwenye njaa ya utajiri, anaingizwa na rafiki yake katika chama cha siri. Anatakiwa amtoe kafara mtu ampendaye kuliko wote, naye anamtoa mkewe, Merit. Utajiri unakuja, anataka kuoa tena, lakini mzimu wa Merit haumpi nafasi. Mwisho anashikwa na wazimu, na anayemwokoa ni Tina, mwanamke aliyekuwa malaya na ambaye sasa ameokoka, anayempeleka kanisani.

Tumeieleza hadithi hii kwa urefu kwa kuwa umbo lake limo katika mamia ya filamu zilizofuata, za Lagos, za Dar es Salaam na za hapa kwetu. Mke mwema huteseka. Mume hupotezwa na tamaa. Nguvu za giza huingia kwa mlango wa chumba cha kulala, na kanisa huja mwishoni kama hospitali. Hata hivyo filamu ile ya kwanza ina jambo moja ambalo waigaji hawakulichukua: Andy anampenda Merit. Sharti la chama linamtisha kwa sababu hiyo, naye anatapatapa, anajaribu hata kumpeleka mwanamke mwingine badala ya mkewe. Mtazamaji anaogopa kwa kuwa kuna kitu cha kupoteza. Katika filamu nyingi za baadaye mume hampendi mkewe tangu dakika ya tano, na kwa hiyo kumtoa kafara, kumpiga au kumfukuza hakumgharimu lolote. Ndoa imebaki mahali pa kutokea maovu tu, kama kichaka katika filamu za majambazi.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba filamu za namna hii hazikuletwa na maadui wa dini. Nyingine zilitengenezwa na watu wa dini wenyewe. End of the Wicked ya mwaka 1999, yenye kuonyesha watoto wachawi, ilitoka katika huduma ya mhubiri Helen Ukpabio wa Nigeria, nayo imelaumiwa vikali kwa kuwachochea watu wawashuku watoto wao. Wenzetu wanaotaka filamu zenye "dini nzuri" wangefanya vyema kuitazama filamu hiyo, ambamo dini inashinda na mchungaji ni shujaa. Ni miongoni mwa filamu zenye madhara makubwa kuliko zote tunazozijua.

Katika miaka iliyofuata mchungaji akageuzwa. Yule aliyekuja mwishoni kuokoa sasa huja mwanzoni kuiba. Tunamfahamu sote: koti refu, viatu vinavyong'aa, gari la mkopo, chupa za mafuta ya upako mezani, na usiku mke wa mtu. Utamkuta katika filamu za Tanzania na za Kenya, na katika vichekesho vya Kinyarwanda vinavyorushwa YouTube. Hatusemi kwamba mtu huyo hayupo. Mwanzoni mwa mwaka 2018 serikali ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali kwa kutotimiza masharti ya majengo, usafi na kelele, na mwaka huohuo sheria mpya ikawataka viongozi wa dini wawe na elimu ya juu ya theolojia. Mwaka 2024 ukaguzi mwingine ulifunga maelfu nchini kote. Kwa hiyo mtunzi anayemchora mhubiri wa uongo hazui jambo.

Tunalomlaumu kwalo ni kwamba anamchora mhubiri huyo bila waumini. Waumini wapo, ndiyo, lakini ni wa kujaza viti: wanapiga makofi, wanaanguka, wanatoa noti. Hakuna anayetuambia kwa nini mama mwenye akili timamu, anayejua kupatana bei ya maharage sokoni Nyabugogo hadi faranga ya mwisho, anatoa mshahara wa mwanawe kwa mtu asiyemjua. Katika Rwanda swali hilo lina historia nzito. Sensa ya mwaka 1991 iliwakuta Wakatoliki kuwa zaidi ya watu 6 kati ya 10. Ile ya mwaka 2012 ikawakuta chini ya nusu. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kwamba wapo walioshindwa kurudi katika jengo ambamo jamaa zao waliuawa. Wengine walitafuta mahali ambapo wangeweza kulia kwa sauti. Mjane aliyepata katika kanisa la mabati watu wa kumwita dada, wa kumtembelea akiugua, wa kusimama naye katika msiba, hakuibiwa fedha tu siku mhubiri alipotoroka. Hiyo ndiyo hadithi. Nasi hatujaiona ikisimuliwa katika filamu hizo, kwa sababu kamera imeng'ang'ania viatu vya mchungaji.

Upande wa Uislamu hali ni mbaya zaidi, na hapa twaomba walimu wa Kiswahili watusikilize kwa makini. Katika filamu nyingi za Tanzania za kutisha, za majini na mizimu, mganga huvalishwa kanzu na kofia, huwekewa kitabu chenye herufi za Kiarabu, na huitwa shehe au mzee bila tofauti. Mtazamaji wa Dar es Salaam huenda asidhurike sana, kwani yeye anao mashehe halisi mtaani, na anajua kumtenga mwalimu wa madrasa na mpiga ramli. Mwanafunzi wa Kigali hana kipimo hicho. Waislamu nchini ni kama watu 2 katika kila 100. Zaidi ya hayo, neno "Umuswahili" katika Kinyarwanda lilikuwa na maana ya Mwislamu wa mjini tangu wakati wa ukoloni, pale Wabelgiji walipowatenga watu hao katika mtaa wao wa Biryogo, na neno hilo lilibeba pia dharau: mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Lugha tunayoifundisha ilibandikwa sifa hizo pamoja na watu wake. Hadi leo, katika vichekesho vya hapa, mhusika akitaka kutapeli au kutisha, mara nyingi hubadilisha lugha na kuingiza maneno ya Kiswahili. Tunapojitahidi kuwaonyesha wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya bunge, ya mahakama na ya maktaba, filamu inamwambia mtoto yuleyule kwamba ni lugha ya mlango wa nyuma.

Kuhusu ndoa tutasema zaidi, maana hapo wepesi wa watunzi unashangaza. Filamu nyingi hupenda arusi kuliko ndoa. Tunaonyeshwa gusaba, wazee wa pande mbili wakitupiana maneno ya hekima na mzaha. Tunaonyeshwa gukwa, ng'ombe wa mahari wakisifiwa. Kisha kiapo mbele ya bendera katika ofisi ya umurenge, kisha kanisa, kisha bustani yenye maua na keki. Sehemu hizi aghalabu ni nzuri, na mazungumzo ya wazee wa gusaba ni hazina ambayo mwalimu wa lugha yoyote angeitamani. Lakini baada ya keki, picha inayofuata ni kofi. Siku za kawaida hazimo: nani anaamka kwanza, nani analipa karo, nani anampelekea fedha mama yake kwa siri, wanapatanaje baada ya ugomvi. Ndoa ikivunjika hatuwezi kuhuzunika, kwa kuwa hatukuiona ikiishi.

Kisha inakuja ile picha maarufu: mume anatupa sanduku la nguo nje ya mlango, anamwambia mkewe atoke katika nyumba "yake", na mke anaondoka akilia barabarani. Tumeiona mara nyingi mno. Mtunzi wa Kigali anayeinakili picha hiyo kutoka filamu za nje amesahau nchi anayoishi. Tangu sheria ya mwaka 1999 kuhusu mali ya wanandoa na urithi, watu wanaofunga ndoa ya kiserikali Rwanda huchagua utaratibu wa mali zao, na waliochagua ivangamutungo rusange, yaani kuchanganya mali yote, humiliki nyumba hiyo pamoja. Katika uandikishaji mkubwa wa ardhi, uliomalizika mwaka 2013 baada ya kusajili viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10, hati za wanandoa halali ziliandikwa majina ya wote wawili. Mke huyo wa filamu anaweza kwenda na hati yake. Anaweza pia kupigwa, kutishwa, kuaibishwa na ndugu. Sheria haikuondoa hayo. Lakini basi mtunzi atuonyeshe kwa nini mwanamke mwenye jina lake katika hati anaondoka hata hivyo. Je, ni hofu? Ni ushauri wa mchungaji kwamba avumilie? Ni mama yake mwenyewe anayemrudisha? Hapo dini na ndoa zingekutana kweli.

Na yuko mwanamke mwingine ambaye sanduku lake ni la kweli. Huyo ni yule aliyeishi na mwanamume miaka 10, akazaa naye, bila kula kiapo mbele ya serikali. Kwa sababu mahari haikutimia, au karamu ilikuwa ghali, au mwanamume alikuwa akisema "mwakani". Katiba ya Rwanda inaitambua ndoa moja tu, ile ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja. Dua ya shehe au baraka ya padri haitoshi mbele ya sheria, na mke wa pili, hata kama mtaa mzima unamwita mke, si mke. Twaona ajabu kwamba filamu zenye kiu ya machozi zinampita mwanamke huyu na kwenda kumlilia yule mwenye hati.

Kwa mwalimu wa Kiswahili jambo hili lina upande wa msamiati pia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, na inawapa watu walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi nafasi ya kudhaniwa kuwa mume na mke, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyohiyo inamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hivyo hata mume wa filamu za Dar es Salaam hana ruhusa kubwa kama anavyojidai. Maneno "mke", "mke mwenza" na "talaka" anayoyasikia mwanafunzi wetu katika filamu za huko yana sheria nyingine nyuma yake. Tukimwachia ayafasiri peke yake atadhani anaielewa hadithi ilhali ameelewa nyingine.

Haifai kusahau kwamba ndoa mbaya inaweza kuonyeshwa vizuri, hata kwa kuchekesha. Seburikoko, mchezo wa televisheni ya taifa ulioanza mwaka 2015, umejengwa juu ya mume mvivu, mwongo na mwenye maarifa ya kukwepa kazi, ambaye Niyitegeka Gratien alimwigiza kwa namna isiyosahaulika. Mkewe, Siperansiya, si malaika wa kuvumilia. Anajibu, anakasirika, anadanganywa tena. Kadhalika Urunana, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1999, umewapa wasikilizaji Bushombe na Kankwanzi, ambao ugomvi wao umekuwa kama wa majirani zetu wenyewe. Hakuna anayedai kwamba wanandoa hao ni mfano wa kuigwa, wala hatujasikia mtu akisema wanaitukana ndoa. Sababu, kwa maoni yetu, ni kwamba watunzi wao wamekaa nao nyumbani siku nyingi. Redio ina bahati hiyo ya muda. Filamu ya saa moja na nusu inalazimika kuchagua, na wengi huchagua vibaya.

Tuliahidi kuzifikia filamu zilizo kali. Ya kwanza ni 100 Days ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Nick Hughes, Mwingereza aliyekuwa mpiga picha wa habari hapa nchini mwaka 1994, na kutayarishwa na Eric Kabera. Ilipigwa Kibuye, nayo ndiyo filamu ya kwanza ya hadithi kuhusu Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Inawahusu vijana wawili wapendanao, Josette na Baptiste, ambao arusi yao ingekuwa mwisho wa hadithi nyingine yoyote. Familia ya Josette inakimbilia kanisani. Padri anawapokea, na padri huyohuyo anawasaliti. Josette anaachwa hai kwa gharama ya mwili wake. Hakuna filamu ya kuchekesha ya YouTube iliyomchora mtu wa dini kwa ubaya wa kiasi hicho. Walakini hakuna mtazamaji anayetoka akiidharau dini. Anatoka akijua kanisa lilikuwa nini kwa wale waliokimbilia humo: mahali pa mwisho palipobaki pa kuaminiwa. Usaliti una uzito kwa sababu imani ilikuwa ya kweli.

Wala mtunzi hakuzidisha. Padri Athanase Seromba wa parokia ya Nyange alihukumiwa na mahakama ya kimataifa mjini Arusha, na katika rufaa ya mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha, kwa mauaji ya waumini waliokuwa ndani ya kanisa lake lilipobomolewa kwa buldoza mwezi Aprili 1994. Mwaka 2017 Papa Francis aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Mtu akituambia kwamba padri mwovu asionyeshwe kwa wanafunzi wa Rwanda, tutamwuliza ni nani anayelindwa.

Yafaa kuilinganisha filamu hiyo na Shooting Dogs ya mwaka 2005, ya Michael Caton-Jones, iliyopigwa papo hapo Kicukiro katika shule ya ufundi ya ETO. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule hiyo na kuwaacha zaidi ya watu 2,000, ambao wengi wao waliuawa. Katika filamu, padri mzee wa Kiingereza, Christopher, anakataa kuondoka na anakufa pamoja na watu wake. John Hurt ameigiza kwa unyenyekevu mkubwa, na wengi wamelia. Lakini padri huyo wa ETO ni wa kubuniwa. Aliundwa kwa kumkumbuka Vjekoslav Ćurić, mtawa Mfransisko kutoka Bosnia, aliyeokoa watu wengi mwaka 1994 na kuuawa Kigali mwaka 1998, na ambaye hakuwa ETO. Tunauheshimu ukumbusho huo. Hata hivyo, tukiulizwa ni filamu ipi kati ya hizi mbili inayomfariji mtazamaji mapema mno, hatutataja ile yenye padri mwovu.

Filamu ya tatu, Kinyarwanda ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Alrick Brown, ndiyo ambayo tungetamani kila mwalimu wa Kiswahili wa Kigali awe nayo. Kiini chake ni msikiti wa mjini humu uliofungua milango kwa waliowindwa, na mufti aliyewakataza Waislamu kushiriki katika kuua. Ndani ya msikiti huo yumo pia padri Mkatoliki aliyepata hifadhi, na mazungumzo ya dini mbili chini ya paa moja yanapewa muda. Kando yake kuna mapenzi ya Jeanne na Patrique, na nyumba ya wazazi wa Jeanne, ambamo mume na mke wanatoka katika makundi mawili ambayo siasa iliyatenganisha. Ugomvi wa wazazi hao ni mfupi, lakini ni ugomvi wa mke na mume hasa: siasa ya nchi imeingia mezani na kuketi. Filamu ina kasoro zake. Visa ni vingi na vingine vimekatwa kabla havijaiva. Lakini kwa mtoto aliyejifunza kutoka filamu nyingine kwamba kanzu ni vazi la uchawi, saa moja na nusu hii inafanya kazi kuliko hotuba zetu.

Tukirudi kwenye filamu za Kiswahili chenyewe, ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo walimu wengi wanaifahamu. Unguja ya miaka ya 1950; Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa bila hiari yake kwa mwanamume aliyempita mbali kwa umri; anamkimbia, anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, anakutana na Denge, mpigania uhuru. Ndoa inaonyeshwa hapa kama kifungo, na ndugu zake Yasmin wanamfungia milango. Kwa kipimo cha walalamikaji, filamu hii nayo ingepaswa kuzuiwa. Sisi tunaipendekeza kwa wanafunzi wakubwa, pamoja na sura za mwanzo za riwaya, kwa somo moja la sarufi ambalo tumeliona likizaa mjadala mrefu kuliko maswali yoyote ya fani na maudhui.

Somo lenyewe ni la vitenzi: kuoa, kuolewa, kuoza, kuozwa, kuoana, kuachwa, kuachana. Wanafunzi huulizwa, kwa kila tukio, ni kitenzi kipi kinafaa na nani ni mtendaji wake. Yasmin hakuolewa tu, aliozwa. Basi nani alimwoza, na kwa faida gani? Hakuachwa, alitoka. Kisha hupewa filamu yoyote waipendayo wao, ya Dar es Salaam au ya Kigali, wafanye vivyo hivyo. Aghalabu hurudi na vitenzi viwili, kuoa na kuacha, vyote mtendaji wake akiwa mume, na wao wenyewe huanza kuuliza hivyo vingine vilikwenda wapi. Wanaojua Kinyarwanda vizuri huleta gushyingira na gushyingirwa, na ubishi huanza kama gusezerana mbele ya umurenge kunaweza kutafsiriwa kwa "kuoana" au kunahitaji neno lake. Swali hilo darasa letu halijalimaliza.